Goti la Nyuma la Ndovu

Kaka yangu mkubwa alichonga ndovu kwa miaka arobaini bila kumwona hata mmoja. Wachongaji wengi wa kijiji chetu, nje kidogo ya Machakos, walikuwa hivyo: kila mmoja alimwiga mwenzake, na wa kwanza hatujui alimwiga nani. Siku moja kaka akataka kuchonga ndovu aliyepiga magoti, umbo ambalo hapakuwa na wa kumwiga. Akaniuliza mimi, kwa kuwa ndimi niliyesoma.

"Mwalimu, mguu wake wa nyuma unakunjika kuelekea wapi?"

Nilikuwa nimetumia ualimu wangu wote kuwakemea wanafunzi walioanza majibu yao kwa "watu wanasema". Nilimjibu bila kusita: kuelekea nyuma, kama wa mbuzi. Ndovu sikuwa nimemwona, lakini mbuzi nilikuwa nimewaona wengi.

Mwishoni mwa miaka ya tisini, chama cha ushirika cha wachongaji kilipata mkaguzi mpya, kijana mpole aliyewahi kufanya kazi mbugani. Aliwarudisha ndovu wote wa kaka waliopiga magoti.

"Mzee, huyu ni mbuzi mwenye mkonga," alimwambia.

Kaka angewaleta tena, jina lake lingefutwa chamani, na nafasi yake katika kibanda cha wachongaji ingepewa mtu mwingine. Kaka hakubishana naye. Alikuja kwangu, akamweka ndovu mmoja wa mti wa muhugu kando ya kikombe changu cha chai, akamgeuza makalio yanielekee.

Mwezi huohuo nilikuwa naenda India kumtembelea binti yangu, aliyekuwa akisoma chuoni Mysore, katika jimbo la Karnataka. Majirani wasiopata kufika hata Mombasa walinieleza mengi kuhusu nchi hiyo. Niliwashukuru, nikafunga sanduku.

Binti alinipokea Bangalore na kunionyesha bustani za mji huo, ambazo kwa hakika zinapendeza. Nikamuuliza ndovu wako wapi. Mysore tulilizuru kasri la wafalme, ambalo Jumapili jioni huwashwa taa kila ukingo. Humo walikuwamo ndovu wa kuchorwa na wa kuchongwa, wote wamesimama. Halebidu kuna hekalu la kale ambalo msingi wake umezungukwa na safu ya ndovu wa mawe. Mimi, mzee wa kanisa, nilipiga magoti mbele ya ukuta ule ili niikague miguu yao mmoja baada ya mwingine. Mlinzi alidhani nasali, akasogea kando kwa heshima. Ndovu wote walikuwa wakitembea.

Hatimaye tulifika kwenye kambi ya ndovu kando ya mto Kaveri, asubuhi, wakati wa kuwaogesha. Mtunzaji alimnong'oneza jike mmoja, naye akajishusha. Miguu ya nyuma ilikunjika magoti yakielekea mbele, nyayo zikabaki nyuma, sawasawa na mama anayepiga magoti kanisani. Nilimwomba mtunzaji arudie mara tatu.

"Baba, amechoka," binti alisema.

"Ndovu au mwenye ndovu?"

"Sisi sote."

Niliporudi, nilikwenda moja kwa moja kibandani, nikamwambia kaka kwamba nilikosea. Aliendelea kupiga msasa.

"Huyo uliyemwona, masikio yake yakoje?"

"Madogo."

"Basi umeniletea goti la India. Watalii wangu wanataka ndovu wa Tsavo. Wa Tsavo umemwona akipiga magoti?"

Ilinibidi niseme ukweli. "Sijamwona."

"Kwa hiyo unakisia."

"Nakisia."

"Kama mara ile."

Wiki iliyofuata tulikwenda Tsavo, wazee wawili waliokuwa wameishi mwendo wa saa chache tu kutoka huko maisha yao yote. Tuliwaona ndovu wengi, wekundu kwa vumbi, wakila na kupunga masikio. Tuliwatazama tangu asubuhi hadi lango lilipokaribia kufungwa, kaka akichora kwa penseli. Hakuna hata mmoja aliyepiga magoti.

"Wanasimama," kaka alisema tulipokuwa tukitoka.

Tangu hapo alichonga ndovu waliosimama tu. Mkaguzi aliwapokea wote, na nafasi ya kibandani ikabaki yake. Yule wa muhugu, kaka hakuja kumchukua. Yupo mezani kwangu hadi leo, makalio yakinielekea. Wageni huuliza kama nilimnunua India. Nami huwajibu kwamba alichongwa hapahapa na kaka yangu, isipokuwa miguu ya nyuma, ambayo ni kazi yangu.