Mfuko wa Chef

Papa Léon alifika garaji amechoka kama mtu aliyesukuma gari usiku kucha. Alikuwa mkuu wa garaji ya kampuni moja ya Likasi inayosafirisha wafanyakazi, na kustaafu kulikuwa karibu. Alitaka jambo moja tu: aifikie pensheni yake bila kelele.

Asubuhi hiyo kelele zilikuwa zinamngoja. Basi la dereva Swedi lilikuwa limesimama uani, wafanyakazi wa bwawa la Mwadingusha wameshapanda, na fundi Dunia amelala kando ya gurudumu la mbele lililofunguliwa.

"Chef, kuya uone," Dunia alisema. "Plaketi zimekwisha. Chuma inakula chuma."

Léon aliinama, magoti yakalia. Kweli. Plaketi, vile vibao vinavyobana gurudumu dereva akikanyaga freni, zilikuwa zimelika hadi mwisho. Lakini kwa kilomita zilizoandikwa, basi hili lilikuwa halijafikia hata nusu ya mwendo wa kubadilishwa freni. Ofisi kuu ya Lubumbashi hutuma vipuri kwa kufuata hesabu ya kilomita inayotumwa kutoka Likasi. Kilomita chache, vipuri hakuna.

Alimtazama Swedi. Swedi alitazama mawingu.

"Kompteri yako inahesabu kilomita?"

"Inahesabu, chef."

"Inahesabu wapi? Hapa uani?"

Dunia aliguna akijifanya anakohoa.

Haikuwa siri. Madereva wa njia ya Mwadingusha, wakishashusha watu, hukata waya ya kompteri na kupotelea vijijini kununua makala, yale makaa ya kupikia. Makala hayo huuzwa mjini, na mfuko mmoja hushushwa nyumbani kwa mkuu wa garaji. Waliuita mfuko wa chef, yaani wa mkubwa. Léon hakuianzisha desturi hiyo, aliikuta. Ndivyo tunavyosema sote juu ya uovu unaotulisha: tuliukuta.

"Chef, minye hapana mwizi," Swedi alisema kwa sauti ya chini. "Mazutu ya kutia mu gari nikifuata makala nanunuaka na franga yangu. Niliiba nini?"

"Uliiba hesabu."

"Hesabu haina bibi, chef. Haina batoto."

Dirishani alichungulia Gertrude, mpishi wa kambi ya bwawa. "Papa Léon, tunaenda ao tunalala humu? Ao utupatie kinga za matairi mbili, kila mutu akanyage pedali zake!"

Basi zima likacheka. Swedi akapata nguvu. "Nitashuka polepole, na gia ya pili. Leo tu. Ile mulima tunajuana."

Léon alijipangusa uso. Karatasi zilisema basi ni zima. Akiliachia na lisipate jambo, pensheni yake iko salama. Na likishindwa kusimama kwenye mteremko wa kushukia mto Lufira, karatasi hizo hizo zitaapa mbele ya maiti kwamba freni zilikuwa nzuri. Wazee husema njia ya mwongo ni fupi. Mteremko ule ni mrefu.

"Mushuke," alisema. "Bote."

Wakashuka wakinung'unika. Siku ya kazi ilikuwa imewapotea, na hakuna aliyemshukuru. Swedi alimfuata hadi mlangoni pa ofisi.

"Utaandikia Lubumbashi nini? Mama Marlène, bibi yako, anapikaka na nini, chef? Na jua?"

"Na makala yako. Hiyo pia nitaandika."

Swedi aliegemea mlango.

"Sasa niambie," Léon alisema, "hii gari imetembea kilomita ngapi za kweli?"

Swedi alifikiri, safari hii kwa moyo wote. Alihesabu vijiji kwa vidole, akachanganyikiwa, akaanza upya. Mwishowe akaishusha mikono.

"Mingi, chef. Minye mwenyewe sijue."

Hapo ndipo uchovu ulipomlemea Léon kabisa. Uongo ukirudiwa sana, hata aliyeusema hawezi tena kukurudishia ukweli. Akaandika: kilomita hazijulikani, waya ilikatwa, mimi nilijua, na makala nilipokea. Akaomba plaketi. Akaomba pia mabasi yote ya njia ile yasitoke mpaka yafunguliwe magurudumu. Akaipeleka barua bila kuisoma mara ya pili, asije akajionea huruma.

Nyumbani, Marlène mkewe alikuwa ameketi mbele ya mbabula, jiko lao la makaa, iliyokuwa imepoa, sufuria ya maharagwe pembeni.

"Makala imeisha. Swedi hajapita?"

"Hatapita tena."

Alimweleza yote. Marlène akaifunika sufuria.

"Na pensheni?"

"Sijui."

"Weye na wakati yako ya kutubu," mkewe alisema. "Maharagwe bado mabichi."

Léon alichukua mfuko mtupu, akaukung'uta vumbi jeusi, akatoka kwenda kununua makala kama watu wengine.