Lita Mbili za Itohan

Mtaa mzima nyuma ya barabara ya Sakponba, mjini Benin, ulijua kwamba jenereta ya Itohan hunguruma saa moja tu kwa siku, kuanzia saa kumi jioni. Watu walimcheka kwa hilo, naye alijua wanamcheka, wala halikumnyima usingizi.

Alikuwa dobi. Tangu mumewe afariki alifua na kupiga pasi nguo za watu hapo hapo nyumbani, na pasi hiyo ndiyo iliyomsomesha Izogie, binti yake wa pekee. Ikikaribia saa kumi, nguo zimeshapangwa mezani, ndoo ziko chini ya bomba zikisubiri pampu, maharage yamo kwenye blenda, simu za nyumba nzima zimejipanga ukutani. Anavuta kamba, anaiacha injini ipate joto kwanza, anarudisha choki ya hewa, halafu anaibebesha kitu kimoja kimoja mpaka sauti inakuwa nzito. Lita moja ikiisha, imeisha. Atakayeleta simu yake kuchaji baada ya hapo ataambiwa aje kesho, hata awe mchungaji.

Ubishi huo aliupata mwaka mmoja petroli ilipoadimika. Siku ya kwanza alitia lita moja, akawasha balbu na redio basi. Kesho yake akatia lita nyingine, akaibebesha pasi, friza na pampu. Alitegemea lita ya balbu idumu kutwa, lakini haikudumu hata mara mbili ya ile nyingine. Ndipo alipoijua injini ilivyo: inadai mshahara hata ikikaa bure. Tangu hapo akipita penye nyumba inayonguruma mchana kutwa kwa ajili ya feni moja, anasonya waziwazi, na mwenye nyumba asikie.

Tatizo ni kwamba mjini kule jenereta si ya taa tu. Mgeni wa heshima akifika getini, mtu hukimbia kuvuta kamba, na mlio ule ndio karibu yenyewe. Kumpokea mkwe katika nyumba iliyo kimya ni sawa na kumpokea ukiwa na nguo za kulalia. Hilo ndilo lililomkosesha Izogie raha wiki ile, maana Jumamosi watu wa kina Nosakhare, mchumba wake, walikuwa wanakuja kumposa.

Petroli ilikuwa imeadimika tangu Jumatatu, umeme nao ulikatika Jumatano. Ijumaa Itohan alishinda kwenye foleni juani, akarudi na lita mbili. Izogie aliliangalia lile dumu, akaguna.

"Mama, kwa kesho tu," alisema. "Weka hesabu zako pembeni. Wakifika tuwashe, wasikie, feni zizunguke."

"Wameitwa saa ngapi?"

"Saa sita."

"Na wewe umewahi kuona posa ya saa sita ikafika saa sita?"

Izogie alilisukuma dumu kwa mguu.

"Lita mbili ni saa mbili na kidogo, mwanangu. Tukiwasubiri nazo, tutawapa upepo na bia ya moto. Mimi nataka wanywe baridi."

"Watasema wewe ni bahili, mama. Tayari wanasema. Hata marafiki zangu wanasema, nami huwaambia hayo ni yako peke yako."

Neno hilo lilimchoma Itohan. Maneno ya majirani hayakuwahi kumgusa, lakini sasa yalikuwa yametoka kinywani mwa mtoto aliyemlea kwa jasho lake. Alilala na uchungu wake, na kesho yake saa tatu asubuhi akavuta kamba.

Friza aliijaza mwenyewe. Chini aliweka mifuko ya maji iliyokwisha kuganda siku zile za saa moja moja, juu yake bia na soda za malta, kisha mifuko mingine, mpaka pakakosekana pa kupenyeza kidole. Wakati friza inavuta, pampu ilijaza tangi, na pasi ikanyoosha nguo za ukoo mzima. Saa tano na robo injini ilikohoa, ikazima. Itohan akaifunika friza kwa mablanketi mawili, moja likiwa la mteja ambaye hakuulizwa, kisha akapanda akaketi juu ya mfuniko.

Saa saba alifika Osarodion, kaka wa marehemu mumewe, aliyekuja kuwa msemaji wa familia. Alikuwa ameloa jasho, na jambo la kwanza alilotaka ni bia. Itohan hakusogea. Alimwambia kwamba mfuniko ukifunguliwa sasa, atakuwa amewaibia wakwe. Osarodion akanywa maji ya mtungi huku akinung'unika kwamba kaka yake alioa askari magereza.

Wageni walifika saa tisa na nusu, watu kumi na wanne wa sare moja. Kulia na kushoto jenereta za majirani zilikuwa zinaunguruma. Osarodion akamnong'oneza shemeji yake aagize kamba ivutwe, na alipoambiwa petroli imekwisha tangu asubuhi, alimtazama kama mtu aliyeuza bibi harusi. Wageni wakaketi, wakaangalia feni zilizosimama, wakaanza kujipepea kwa leso. Mama Nosakhare, mama wa bwana harusi, mwanamke mpana mwenye shanga za marijani shingoni, aliuliza kwa upole ambao haukuwa upole:

"Hapa kwenu mnapenda kimya?"

Izogie aliinamisha kichwa. Kama sakafu ingepasuka angeingia bila kusukumwa.

Ndipo Itohan alipoagiza vinywaji vitolewe. Chupa zilikuja nyeupe kwa baridi, na malta nyingine zilikuwa na chembe za barafu ndani. Mzee mmoja aliweka chupa yake shavuni akafumba macho. Mama Nosakhare alipiga funda moja, akashika jino. Alikuwa ameuza samaki wa barafu kwa miaka ishirini, na kwenye mambo ya baridi hakuna aliyeweza kumdanganya. Aliinuka na chupa yake mkononi, akaomba kuoneshwa jikoni.

Huko alifunua mablanketi, akainua mfuniko, akazamisha mkono hadi kiwiko.

"Mmezima saa ngapi?"

"Saa tano na robo," Itohan alisema.

"Imekunywa lita ngapi?"

"Mbili."

Mama Nosakhare alicheka peke yake, kicheko cha mtu aliyekamatwa. Alisema wiki ile duka lake limekunywa madumu kwa madumu ya petroli, na samaki wamelainika vilevile, kwa sababu vijana wake hufungua friza iliyo nusu tupu kila mteja anapouliza bei. Halafu hakumgeukia Itohan. Alimgeukia Izogie, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Na wewe, mwali, haya unayajua? Au ni ya mama yako peke yake?"

Itohan alitazama chini. Alijiandaa kusikia binti yake akicheka na kuyakana, kama alivyokuwa akiyakana mbele ya rafiki zake.

"Nayajua yote," Izogie alisema. "Yeye ndiye aliyenifundisha. Na tafadhali, mama mkwe, funga hiyo friza, baridi inatoka."

Mama Nosakhare aliifunga upesi, kwa mikono miwili. Itohan akageukia ukutani, akajifanya anakunja blanketi, ili wageni wasimwone akilia kwa furaha.