Doli Nililolipeleka Kakuma

Lile doli la kuvutia magari nililinunua Eldoret, rangi yake nyekundu bado mpya, na rangi hiyo ilinivimbisha kichwa. Ni trela fupi la magurudumu mawili. Linanyanyua mbele ya gari lililokufa, na magurudumu ya nyuma yanabaki kuviringika barabarani. Katika gereji yangu pale Lodwar nilikuwa tayari na trela refu la kubeba gari zima, lakini lilikuwa limejaa kutu. Nilitaka watu walione doli.

Haikupita wiki, mama mmoja wa Sudan Kusini anayeishi katika kambi ya wakimbizi Kakuma akanipigia simu. Alikuwa mteja wangu wa siku nyingi. Alinunua samaki wakavu Kalokol, kando ya ziwa, na kuwauza kambini, na gari lake, Probox, ndilo lililokuwa likiwalisha wajukuu zake. Sasa injini ilikuwa imechemka na kuzima.

Gari hilo lilikuwa linasukumwa na magurudumu yote manne. Fundi yeyote anajua kwamba gari la namna hiyo hupandishwa lote juu ya trela. Ukiamua kutumia doli, lazima kwanza ulale chini ufungue propela, lile fito la chuma linalopeleka nguvu nyuma. Usipoifungua, magurudumu ya nyuma yanazungusha vyuma ambavyo mbele vimefungwa, na kitu kitaungua tu. Nilijua hayo yote. Bado asubuhi ile niliacha trela refu likiota jua nikaondoka na doli nyuma ya pikapu yangu.

Kakuma watu walikusanyika kulitazama. Mwendesha boda mmoja akaniambia nimeendelea. Nilikuwa na shati safi, nikaona kulala mchangani na spana mbele ya watu wale ni kujishusha, nikapandisha mbele ya gari kwenye doli hivyo hivyo. Mama akainama, akachungulia nyuma ya gari.

"Fundi, hii magurudumu ya nyuma itatembea hivi tu?"

Nikamjibu mambo ya magari aniachie mimi, yeye ajue samaki. Watu wakacheka. Mama akapanda kwenye pikapu pamoja nami.

Tulipokaribia Lodwar alisema anasikia harufu ya kuungua. Nikamwambia ni joto la lami, nikateremsha kioo chake mpaka mwisho.

Gereji nilikuta difu ya nyuma, zile gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu, imeungua, oili yote imemwagika. Nikamwambia difu hiyo ilikuwa imekwisha zamani, kwamba barabara ya Kalokol ndiyo iliyoimaliza. Uongo mtupu. Alinishukuru kwa kuugundua ugonjwa huo, akaniwekea mkono begani na kumwomba Mungu ayalinde macho yangu. Nikaitikia amina. Nimeshasema maneno mengi ya kipumbavu maishani, lakini amina ile ndiyo inayonichoma mpaka leo.

Injini ilitengenezeka upesi, lakini spea ya difu ilikawia wiki sita. Mama alisafiri juu ya malori, amekalia magunia ya samaki, na kila akipita Lodwar alikuja kuniuliza. Wiki ya sita aliingia gereji akichechemea. Alikuwa ameteleza akipanda lori.

Chai yangu ilikuwa imeletwa saa hiyo hiyo. Sikuigusa. Nilimwambia gari lake nililiua mimi, kwamba spea nitailipia mwenyewe, na kwamba yote hayo yalitokea kwa sababu niliona haya kuchafua shati mbele ya watu. Nilisema nikitazama viatu vyangu.

Hakupandisha sauti.

"Mimi nilinusa ile siku," akasema. "Nilikuwa nangoja wewe useme."

Halafu akataka nimwonyeshe mahali propela inapofunguliwa, ili siku nyingine asihitaji kumuuliza mtu. Nikamsihi apumzishe mguu kwanza. Akatandika leso yake chini, akaingia uvunguni mwa gari kabla yangu. Nikamfuata, nikafungua nati nne, nikaishusha propela na kuifunga kwa kamba. Hakukuwa na kazi nyingine; ni hayo tu niliyopaswa kufanya siku ile Kakuma.

Tulipotoka nilimpa ile chai yangu. Aliipuliza kwanza, kwa sababu ilikuwa bado ya moto.