Nabei, mama wa shanga wa wodi ya Lodwar

Saa moja asubuhi, Nabei Lotiir anapiga deki wodi ya wanawake ya hospitali moja mjini Lodwar. Huanzia dirishani, akirudi nyuma taratibu hadi mlangoni. Leo hafiki mlangoni. Ekal, afisa wa kliniki ambaye hapa kila mtu humwita daktari, anamwita kutoka chumba cha uchunguzi.

"Mama Nabei, acha maji. Huyu amekataa."

Ndani ameketi Aregae, aliyetembea siku tatu kutoka pande za Lokori. Amesema bega linamuuma kwa kubeba maji, basi. Shanga zimempanda kutoka kifuani hadi kidevuni na hataki ziguswe. Mwanamke wa Kiturkana huzivua akifiwa. Kumwambia azivue ni kama kumtangazia msiba.

Nabei anachuchumaa, anamwamkia, "Ejok", kisha anamuuliza habari za mbuzi.

"Hatuvui," anamwambia kwa Kiturkana. "Tunazihesabu tu."

Anafungua mstari mmoja mmoja na kuupanga juu ya kitambaa safi, ili kila mmoja urudi mahali pake. Chini ya mstari wa mwisho, Ekal anagusa uvimbe mgumu kama kokwa ya tunda la mti wa mkoma.

Kazi hii Nabei hakuajiriwa kuifanya. Aliajiriwa mwaka 1984 kufagia. Miaka miwili baadaye, mhudumu mwenye haraka alikata shanga za bibi mmoja kwa makasi. Bibi aliondoka siku hiyo hiyo na hakuonekana tena.

"Mimi nilifagia hizo shanga chini ya vitanda," anasema Nabei. "Zile za buluu bado naziona."

Tangu hapo, wanawake walimwachia shingo zao. Jioni walikaa naye barazani kutunga shanga upya, wakinywa chai ya maziwa ya mbuzi na kutaniana kuhusu waume.

"Wagonjwa wa siku zile waliimba," anasema, akitabasamu. "Mpaka daktari anakuja kunyamazisha, halafu yeye mwenyewe anakaa kusikiliza."

Lakini uvimbe kama wa Aregae mara nyingi ni saratani, na dawa yake iko Nairobi. Kati ya wanawake kumi na tisa waliotumwa huko baada ya kupita mikononi mwake, anajua wanne tu waliorudi. Wa kwanza kati ya hao alirudi bila kutibiwa. Alikaa kwenye benchi siku nne, na hakuna aliyejua lugha yake.

Mwaka jana, 1996, Nyachuol, mkimbizi kutoka kusini mwa Sudan, aliletwa kutoka kambi ya Kakuma pamoja na mtu wa kumtafsiria. Wawili hao walikwenda Nairobi, na wawili wakarudi.

"Nikasema moyoni, kumbe inawezekana," anakumbuka Nabei. Hakumwambia mtu.

Sasa Ekal anaandika barua ya rufaa ya kwenda Nairobi. Aregae, shanga zake zikiwa zimerudi shingoni, anauliza kwa sauti ndogo ni nani atakayeongea naye huko. Atakwenda ikiwa yupo mtu. Asipokuwepo, atarudi kwa mbuzi wake.

Miaka yote Nabei amelijibu swali hilo vilevile: watu wapo. Leo anaigeukia meza ya Ekal. Ekal anainua macho kutoka kwenye karatasi.

"Daktari," anasema Nabei, "mimi nimedanganya hawa wamama. Huko hakuna mtu. Andika jina yangu pia. Naenda na yeye."