Nyumba ya Zeituni na Haradali

Ayoub dalali aliingia na simu mbili mkononi, akavuta kiti cha Bi Mayasa bila ya kukaribishwa, akakalia.

"Shikamoo, Bi Mayasa. Kaka Msabah kanipigia kutoka Maskati. Anataka nyumba iuzwe kabla ya Ramadhani."

"Marahaba. Kwani miye sina simu?"

Simu anayo. Msabah, mdogo wake, alimpigia yeye mwanzo, wakagombana, na Bi Mayasa akamkatia. Nyumba ilikuwa ya baba yao, hapo Kikwajuni, na fungu la Msabah ndilo kubwa. Fungu la Bi Mayasa lingemtosha chumba kimoja huko Mwera, asikomjua jirani wala muuza mchicha. Na yeye Kikwajuni kazaliwa, kaolewa Kikwajuni mara mbili, mume wa kwanza kamzika, wa pili kamfukuza. Miaka chungu nzima kawapikia wasichana wa dahalia ya skuli, na kila jioni alirudi kwenye mlango ule ule. Leo aambiwe ahame? Thubutu!

Lakini hasira hakuionesha. Alimmiminia Ayoub chai ya tangawizi.

"Sasa hivi, Bi Mayasa, kinachouza nyumba ni picha," Ayoub alisema. "Mteja haji kuangalia msingi. Anaangalia rangi kwenye simu. Na hii chokaa yako, nisamehe, ni ya enzi za mababu."

"Basi tuipake kijivu. Naona kila mtu kapaka kijivu."

"Kijivu kishapitwa! Fuoni kijivu, Mbweni kijivu, Tunguu kijivu, ukipita unahisi mvua inataka kunyesha. Rangi za mwaka huu hizi hapa." Akamsogezea simu. "Chini kijani cha zeituni, juu manjano ya haradali. Duniani kote ndo habari ya mjini."

Bi Mayasa aliangalia. Kwenye simu rangi zilikuwa zimefifia, za kistaarabu, nyumba ya kizungu na kiti kimoja cha ukindu mlangoni. Kijani chini, manjano juu. Akamwangalia Ayoub kuona kama ana akili zake timamu. Kijana wa watu alikuwa anatabasamu.

Alaa! Hajaona. Wallahi hajaona!

Bi Mayasa angeweza kumwambia. Nani hapa Unguja asiyejua kijani na manjano ni za timu gani? Lakini alinyamaza, na jirani zake wakiogopa kunyamaza kwake kuliko mdomo wake.

"Uzuri ulioje," alisema. "Mlete fundi Pandu."

Ayoub akamwachia Pandu hela ya rangi, mwenyewe akenda Nungwi kumtembeza mteja wa viwanja. Pandu ni fundi rangi wa Michenzani, na ni Yanga wa kufa. Siku waliyofungwa fainali alikataa kula, mkewe akaenda kumwita imamu. Alipoelezwa rangi aliweka ndoo chini.

"Bi Mayasa, hii zeituni ndo ipi?"

"Kijani, mwanangu. Na haradali ni manjano. Usinichoshe kwa maswali."

"Iliyofifia au iliyokoza?"

"Mteja ataionaje kama imefifia?"

Pandu alipaka kwa mapenzi. Alipiga mkono wa pili, akapiga na wa tatu ambao hakuombwa, na vizingiti akavipaka vyeusi, ati kwa ajili ya vumbi. Alipomaliza alirudi nyuma mpaka upande wa pili wa njia, akaiangalia nyumba, akafuta jicho.

Kesho yake baada ya alasiri walikuja mashabiki wanne wa Yanga, wakakaa barazani bila ya kuuliza. Kesho kutwa walikuwa kumi. Muuza kahawa akahamisha jiko lake. Baada ya wiki pakawa na benchi, bendera, na televisheni iliyopata umeme kwa waya uliopita dirishani kwa Bi Mayasa. Bi Mayasa mwenyewe ndiye aliyewatolea huo waya.

Ayoub aliporudi kutoka Nungwi alisimama katikati ya njia mpaka vespa ikampigia honi.

"Bi Mayasa! Umenifanyia nini?"

"Miye? Rangi ya mwaka huu si uliileta weye?"

Mteja wa mwanzo alikuja siku ya mechi, masikini. Bwana Mkadam, na mkewe Nadra, watu wa adabu zao. Nadra aliangalia baraza, akamuuliza Ayoub pole pole, "Hawa ni wapangaji?"

"Hapana, hapana. Wapita njia tu."

"Wapita njia gani?" mzee mmoja akadakia kutoka kwenye benchi. "Sisi tuna katibu hapa!"

Mkadam akacheka, akasema nyumba nzuri, rangi si neno, yeye ataipaka nyeupe. Mtu akashusha kikombe.

"Ataipaka nini?" aliuliza Pandu.

Nadra alikuwa keshaingia garini. Bi Mayasa, nyuma ya dirisha, aliuma ncha ya kanga asisikike akicheka.

Ayoub hakukata tamaa. Alitafuta fundi wa kuifuta ile rangi. Mafundi wa Yanga walimwambia hiyo dhambi. Akampata mmoja wa Simba, akakubali kwa furaha kubwa, ila kwa sharti kuwa atapaka nyekundu tupu. Ayoub akaona bora aiache kama ilivyo. Madalali wa mji mzima wakawa wakiiita "nyumba ya Yanga", na wateja wakawa wanapelekwa kwengine.

Tuseme kweli: Bi Mayasa naye alikuwa kashawachoka. Maganda ya njugu kila pahala, kelele wakati wa usingizi wake wa mchana, na ubishi, ubishi, ubishi. Alikuwa anasubiri tu Msabah asalimu amri, kisha awatoe wote kwa maji ya deki.

Msabah hakusalimu amri. Alikuja mwenyewe, na begi lake, bila ya kuarifu. Bi Mayasa alimwona kutoka dirishani. Msabah alisimama akaikodolea macho nyumba ya baba yake, kijani na manjano, na wanaume kumi na tano barazani. Mmoja akampisha nafasi, akapewa kahawa. Akakaa. Kesho yake akakaa tena.

Siku ya tatu alimwita dada yake uani.

"Da Mayasa, nambie kweli. Rangi hii Ayoub kaichagua, lakini nani kaikoleza?"

"Jua," alisema Bi Mayasa.

Msabah alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha kicheko kikamkatika.

"Unajua kwa nini nilitaka kuuza? Ulianguka bafuni mwaka jana. Ulilala pale tangu alfajiri mpaka adhuhuri, hakuna aliyejua. Weye hukunambia, kanambia jirani. Nikasema nyumba hii itaniulia dada yangu, bora umkaribie binti yangu aliyeolewa huko Mwera." Akaashiria barazani. "Jana ulikohoa mara mbili tu, watu watatu wakagonga dirisha."

Bi Mayasa alilia, alilia hasa, kwa uchungu wa kumdhania vibaya mtu wake na kwa aibu ya lile bafu.

"Siuzi," alisema Msabah. "Maadam hawa wapo, siuzi. Lakini siku nikisikia baraza tupu, siku hiyo hiyo nampigia Ayoub."

Akarudi Maskati. Bi Mayasa akaweka ndoo ya deki pahala pake, akaanza kuwatolea kahawa kwa mkono wake mwenyewe. Na hapo ndipo alipogundua balaa: Yanga ikishinda, baraza hujaa mpaka njiani. Ikifungwa, kila mtu huugua kwao.

Ikaja siku ya mechi ya watani, Yanga na Simba. Bi Mayasa alisimama dirishani na tasbihi, hajui hata timu ipi inaelekea wapi. Dakika za mwisho Simba wakatia goli. Wanaume wakainuka mmoja mmoja, hakuna hata wa kuzima televisheni.

Kesho yake baada ya alasiri, hakuna mtu. Siku ya pili, hakuna mtu. Siku ya tatu simu ikalia.

"Da Mayasa, mbona kimya hapo?"

"Wamekwenda kusali."

"Saa hizi? Sala gani?"

"Msabah, sala ina ubaya?" Akakata, akavaa buibui lake, akashika njia ya Michenzani. Hata mtandio hakuuweka sawa. Alimkuta Pandu kalala kwenye jamvi kageukia ukuta, mkewe kasimama hajui afanye nini.

"Pandu!"

"Naam," Pandu aliitika bila ya kugeuka.

"Inuka. Wapitie na wenzako wote. Mfungwe leo, mfungwe kesho, hiyo shauri yenu na Mola wenu, lakini nyumba yangu hamuiuzi kwa goli moja. Inuka ukakae!"