Dobi Asiyejua Beseni

"Chuo waachie wenye njaa ya vyeti, mama. Mimi nafungua udobi."

Mama aliacha kuchambua maharage, akamtazama mwanawe kama mtu aliyeombwa kiti na mbuzi. Hapohapo uani, dada mtu alikuwa kainama juu ya beseni, anafua shati la dobi huyohuyo.

Maana kijana huyu hakujua sabuni inaingilia wapi. Soksi zake akizivua zilisimama zenyewe mlangoni kama mabawabu, na nzi wakapita mbali kwa heshima. Aliwahi kufua leso moja maishani mwake, ikatoka chafu kuliko ilivyoingia. Ila mdomo anao, wa kutosha mtaa mzima na chenji ikabaki. Alikwishajipachika jina la Mkurugenzi, na akijiita anaitika.

Akaeleza kwamba mwaka mmoja uliobaki chuoni ni mwingi kwa mtu mwenye maono. Wenzake bwenini wananuka, kwa hiyo wateja wapo. Kamba za kuanikia zipo. Mama akauliza mashine ya kufulia iko wapi. Mkurugenzi akakohoa, akainuka kitini, akasema haba na haba hujaza kibaba.

"Kibaba sijakiuliza. Nauliza nani atafua."

"Kazi ya mkurugenzi ni kusimamia, mama."

Dada akalikamua shati mpaka nusura liombe msamaha. Mkataba wa nyumba ile ulijulikana hata na paka: mdogo akimaliza chuo, zamu ni ya dada kwenda kujifunza cherehani. Miaka yote hiyo kafua na kupiga pasi, anaungoja huo mwaka mmoja kama mfungwa anavyongoja mlango.

"Kwa hiyo zamu yangu ndiyo umeitia kwenye beseni," akasema, bila kuinua uso.

"Dada nawe, hii ni biashara ya familia. Wewe utakuwa mkuu wa..."

"Hodi hapa!"

Akaingia mama mmoja na furushi la mashuka kichwani, kubwa kama ng'ombe aliyelala. Akalishusha, akahema. "Kijana huyu kaniambia ana dada anayefua mpaka shuka linacheka. Ndiye wewe, mwanangu?"

Dada akajipangusa mikono taratibu, akaenda kukikalia kiti cha Mkurugenzi. Kisha kwa ncha ya mguu akalisukuma beseni, likateleza kwenye saruji mpaka likagonga viatu vya mdogo wake.

"Karibu, mama. Dobi ni huyo."

Mama akarudi kwenye maharage yake. Mkurugenzi akachungulia povu, akakunja mikono ya shati, akauliza kwa sauti ndogo sabuni inaingilia wapi.