Mistari Mitatu ya Matofali

Mwanzoni nilihesabu hatua. Kutoka kizingiti cha mlango wa nyuma mpaka pale ziwa linapolamba mchanga zilikuwa hatua tisini na mbili. Nikarudi nikihesabu tena, zikawa tisini na nne, kwa sababu kurudi ni kupanda na mtu mnene hufupisha mguu. Hizo zilikuwa mvua za kwanza. Mvua za pili zilipoanza zilikuwa arobaini. Baadaye kumi na moja, na hapo kwenda na kurudi kukatoa hesabu moja, nikajua mambo yameharibika.

Sisi tunaokaa Rumonge upande wa chini tulizoea ziwa kupanda kidogo na kushuka, kama mgeni anayechungulia ndani, akiona sufuria iko tupu anaenda zake. Safari hii lilipanda likakaa. Jirani yangu wa kushoto aling'oa milango na madirisha mapema, akafungua mabati, akahamia kwa shemeji zake Kizuka. Nilimcheka.

"Unavua nguo na mto bado uko mbali," nilimwambia.

"Wewe utavuliwa," akanijibu, akaendelea kufunga kamba.

Maji yaliingia kwangu siku moja baada ya adhuhuri, na hayakuingia kwa mlango. Yalitoka sakafuni, kwenye pembe ya jikoni, taratibu, kama jasho. Mke wangu alidhani ndoo imemwagika. Akapangusa. Akapangusa tena. Alipokamua tambara mara ya sita akaniita kwa sauti ya chini kabisa. Huyo mwanamke akiniita kwa sauti kubwa huwa namaliza kwanza ninachofanya. Akiniita kwa sauti ya chini naacha hapo hapo.

Nilizima umeme. Tukaweka magodoro manne juu ya kabati, na magunia matatu ya chumvi, mali yangu ya sokoni, juu ya meza, maana chumvi ikishaonja maji hairudi kuwa chumvi. Tukajaza mchanga kwenye mifuko tukaziba milango yote miwili. Mifuko ishirini na sita. Niliihesabu mara mbili, nikaridhika, na maji yakaendelea kupanda kutoka chini ya miguu yangu bila kuiangalia hiyo mifuko.

Kitanda cha mama yangu tulikiinua juu ya matofali, mawili kila mguu, yeye mwenyewe akiwa juu yake na tasbihi mkononi, kwa sababu alikataa kushuka. Yalikuwa matofali ya kuchoma, mekundu, mazuri, masalio ya ujenzi yaliyokaa nyuma ya choo miaka yote. Mama aliinama akayatazama.

"Unaona," alisema, "tofali langu bado linafanya kazi."

Hilo neno "langu" lilinichoma, na sababu yake inabidi niieleze.

Nyumba ile niliijenga kwa michikichi ya mama. Alikuwa na michikichi kumi na minne Kigwena, aliyoachiwa na baba yake, na mawese yake ndiyo yaliyonilea. Nilipooa, akampa mtu mmoja mwenye tanuru shamba lile lote, na yule mtu akatoa tanuru zima la matofali. Mama alitaka kitu kimoja tu: nyumba ya matofali ya kuchoma, asije akazeeka ndani ya udongo kama mama yake.

Mimi nikaona mbali, au nilidhani naona mbali. Nyumba ya matofali bila paa ni ua tu. Nikachukua sehemu kubwa ya lile tanuru nikaibadili kwa mabati na saruji. Ya kuchoma yaliyobaki yakatosha mistari mitatu kutoka chini. Juu yake fundi akapandisha matofali mabichi, yale tunayoita rukarakara, udongo uliokaushwa juani, kisha tukapiga krepi ya saruji nje na ndani, laini kama shavu la mtoto. Nani ataona? Nilijisifu kwamba nimepata ukuta na paa kwa bei ya ukuta. Mama alipokuja kuhamia alipapasa ukuta akasema murakoze, asante, kwa Mungu. Nami nikajibu amina.

Alasiri ile maji yalipofika kifundoni nilimwita fundi yule yule. Alikuja suruali ameikunja, akazunguka nyumba. Kwenye ukuta wa chumba cha mama alitafuta ufa, akachomeka ncha ya mwiko. Ukaingia mpaka kwenye mpini. Ulipotoka ulikuwa na uji mwekundu.

"Muzee, huu ukuta unakunywa," alisema. "Na krepi imeufunga, hauwezi kupumua. Ungekuwa uchi labda ungekauka."

"Ukuta utakaa mpaka lini?"

"Nikiwa wewe singelala humu."

Nikaingia kwa mama. Nilimwambia tutoke, twende juu kwa dada ya mke wangu, maji yakishuka tutarudi.

"Niende wapi na nyumba ninayo?" alisema. "Tofali limetoka ndani ya moto, litaogopa maji? Wenye nyumba za udongo ndio wakimbie. Mimi niko sawa hapa. Nileteeni chai."

Nilijaribu njia zote. Nilimwambia mkuu wa kata ameamuru watu wote watoke. Akauliza mbona hajamsikia. Nilimwambia choo kimefurika na ugonjwa unakuja. Akasema ataziba pua. Nilimwambia ni usiku mmoja tu. Akatabasamu.

"Papa, mwanangu, mimi ndiye niliyekufundisha kuuza ndagala waliovuliwa jana kama wa leo. Leo unaniuzia nini?"

Nikatoka mlangoni. Mke wangu alikuwa amesimama majini na sufuria ya chai, kwa sababu mama ameagiza chai na chai lazima iende.

"Mwambie," alisema.

"Nimwambie nini?"

"Ile uliyoificha ndani ya krepi. Anakaa pale kwa sababu yako. Ukuta ukimwangukia, utamwambia nani?"

Fundi alikuwa anautazama mwiko wake kana kwamba ameuokota siku hiyo.

Katika maisha yangu nimeuza vitu vingi vilivyooza, na sijawahi kukosa maneno. Pale nilikosa. Nilisimama mbele ya kitanda, maji yakiwa baridi, nikasema tu, "Mama, ukuta huu ni rukarakara. Matofali ya kuchoma yako chini tu. Mengine niliyabadili kwa bati."

Hakulia, hakunitukana. Alizungusha tasbihi punje mbili tatu.

"Mistari mingapi?"

"Mitatu."

"Hesabu tena."

"Mitatu, mama."

"Upande wa mlango ni mitatu na nusu," fundi alisema kutoka ukumbini. Nadhani alitaka kunisaidia.

Mama akamwita ndani. "Toa hiyo krepi, nione."

Fundi aligonga karibu na kichwa cha kitanda, mara moja tu, na saruji ikaanguka kama ganda la yai. Mama akanyoosha mkono. Vidole viliingia ukutani kama vinavyoingia kwenye unga uliokandwa. Alivitoa, akavitazama, kisha akavipangusa kwenye shati langu, kimoja kimoja, vyote vitano.

"Michikichi kumi na minne," alisema. "Nibebe."

Nilimbeba mgongoni. Alikuwa mwepesi, na hilo lilinichosha zaidi ya uzito. Tulipofika kwenye baraza ya msikiti, palipoinuka kidogo, alinivuta sikio.

"Na hayo mabati ni ya matofali yangu?"

"Ni yako."

"Basi yashushwe. Uanze na ya chumba changu. Mimi nitahesabu nikiwa hapa."

Tukarudi, fundi na mimi, na vijana wawili wa mtaani. Mama alikaa barazani akihesabu kila bati linalopita mbele yake, kwa sauti, watu wakisikia. Kila aliyesimama kumpa pole alielezwa habari ya mistari mitatu. Mimi nilipita na bati kichwani, nikajifanya bati limeniziba masikio.

Tulikuwa tumefika bati la thelathini na nane kati ya arobaini na mbili ukuta wa chumba chake ulipokaa chini. Sisemi ulianguka. Ulikaa, kama mtu aliyechoka, bila kelele nyingi, juu ya kitanda, upande ule anaolaza kichwa. Fundi alisimama juu ya ngazi upande wa pili, akasema, "Ehe," akaendelea kung'oa misumari.

Siku tatu baadaye nilirudi kuchimba. Ubao wa kitanda ulikuwa umevunjika vipande, lakini chini yake, ndani ya tope, matofali manane yalikuwa mazima. Niliyaosha ziwani. Sikwenda mbali, hatua nne.

Sasa tunajenga juu, upande wa Kizuka, polepole, kadiri chumvi inavyouzika. Kila nikienda kwenye tanuru mama anakuja. Anakaa juu ya bidoni, dumu tupu la mawese, anachukua matofali mawili, anayagonganisha sikioni. Tofali lililoiva linalia kama kengele ndogo. Lisiloiva linasema "pu" tu. Macho yake hayaoni vizuri, ila masikio yako kamili. Yanayolia anayaweka kulia, ya "pu" kushoto. Mwenye tanuru amechoka na sisi.

"Bibi, kwa mwendo huu utamaliza mwaka."

"Niko na muda. Huyu mutoto ndiye aliyekuwa na haraka."

Mara ya mwisho alirudisha mia moja na tisa. Niliyahesabu upya nikitumaini amekosea. Hakukosea. Mimi mgongo unauma, magoti yanauma, na mvua zinakaribia tena.

Krepi ameikataa. Anataka ukuta aweze kuushika. Yale manane yako kwenye mstari wa kwanza, chini ya dirisha la chumba chake, mahali alipopachagua mwenyewe.

Jana aliniuliza tumefika mstari wa ngapi. Nikamwambia wa tisa. Akainuka na fimbo yake, akaenda ukutani, akaanza chini kwa kidole, mmoja, miwili, mpaka juu. Ilikuwa tisa. Nikamwambia, "Si nilikuambia, mama?" Alikuwa ameshainama tena, kidole kiko chini, anaanza upya.